Kukadiria maji ya msimu na kilele cha mafuriko katika kijito kisicho na kituo cha kupimia: njia tatu, majibu matatu

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Ninaleta mbele yenu suala la vijito vidogo, vile ambavyo kwenye ramani ni mstari mwembamba wa buluu au havionekani kabisa, na ambavyo hakuna mtu aliyewahi kusimika ubao wa vipimo kwenye kingo zake. Maelezo ni marefu, kwa hiyo naomba uvumilivu, na naomba mwenye uzoefu achangie kwa namba.

Kijito ninachokishughulikia hukusanya maji kutoka bonde la kilomita za mraba 3.2. Kutoka mgongo wa juu kabisa hadi mahali pa kivuko, mkondo una urefu wa mita 2,800 na unashuka mita 140, yaani mteremko wa wastani wa asilimia 5. Nusu ya bonde ni mashamba, theluthi ni vichaka, na iliyobaki ni nyasi na njia za miguu. Nahitaji kujua mambo mawili: kwanza, kijito kinapitisha maji kiasi gani mwishoni mwa kiangazi, kwa ajili ya banio dogo la kuchukulia maji, pili, kilele cha mafuriko yanayotarajiwa mara moja kwa wastani wa miaka 10 ni kiasi gani, kwa ajili ya kalvati.

Kwa jambo la kwanza nilichukua takwimu za kituo kilichopo kwenye mto ambao kijito hiki humwaga maji yake. Bonde la kituo hicho lina kilomita za mraba 210, na kwa mwaka wa kawaida mto hupitisha mita za ujazo 1.05 kwa sekunde mwishoni mwa kiangazi. Hiyo ni sawa na lita 5 kwa sekunde kwa kila kilomita ya mraba, kwa hiyo kijito changu kingepaswa kuwa na lita 16 kwa sekunde.

Kwa jambo la pili nilitumia njia tatu. Ya kwanza ni ile fomula kongwe ambayo wahandisi huiita rashonali, Q = 0.278 × C × i × A (Q ni kilele kwa mita za ujazo kwa sekunde, C ni sehemu ya mvua inayotiririka, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni eneo kwa kilomita za mraba), ambayo asili yake ni kazi ya Mulvany ya mwaka 1851 huko Ayalandi. Muda wa mkusanyiko, yaani muda ambao maji ya mwisho kabisa wa bonde huchukua kufika kwenye kivuko, niliukokotoa kwa fomula ya Kirpich nikapata dakika 28. Jedwali la mvua kali la eneo hili linatoa milimita 80 kwa saa kwa muda huo, na nikichukua C ya 0.35 napata mita za ujazo 24.9 kwa sekunde. Njia ya pili ni ile ya CN, yaani namba isiyozidi 100 ambayo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo ardhi inavyoachilia mvua nyingi zaidi itiririke, iliyobuniwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani katika miaka ya 1950. Kwa mvua ya saa moja ya milimita 55, na CN ya 75, inanipa mita za ujazo 10. Njia ya tatu ni kugawanya mafuriko ya mto kwa eneo kama nilivyofanya kwa kiangazi: mto hufikia mita za ujazo 150 kwa sekunde katika mafuriko ya miaka 10, na fungu la kijito changu linakuwa 2.3 tu.

Kijito ni kilekile, kivuko ni kilekile, na majibu ni 24.9, 10 na 2.3. Nimerudia hesabu mara nne na sijaona kosa la kujumlisha wala kuzidisha. Nifuate lipi, na kwa sababu gani?

#2 Mpima maji

Ndugu mwanzisha uzi, nakupongeza kwa kuweka namba zako zote mezani, maana wengi huleta jibu la mwisho tu na kuficha njia iliyowafikisha pale. Nitajibu kuhusu maji ya kiangazi, kisha nitawaachia wahandisi habari ya mafuriko, ingawa kuna sentensi moja kuhusu mafuriko ambayo lazima niiseme.

Kugawanya kwa eneo kunakupotosha pande zote mbili, na upotofu wenyewe una mwelekeo tofauti. Maji ya kiangazi ni yale yaliyonywea ardhini wakati wa masika na sasa yanatoka taratibu. Mto mkubwa umechimba bonde lake kwa kina na unayapokea maji hayo kutoka tabaka za chini, ilhali kijito cha juu bado kiko karibu na mgongo, na sehemu ya maji yaliyonywea ndani ya bonde lake hupita chini ya sakafu yake bila kuonekana, yakaja kuibukia mtoni kilomita kadhaa mbele. Kwa sababu hiyo kilomita moja ya mraba ya kijito hutoa maji machache ya kiangazi kuliko kilomita moja ya mraba ya mto. Katika mafuriko hali inageuka. Wingu moja zito linaweza kufunika bonde lako lote kwa wakati mmoja, lakini haliwezi kufunika kilomita za mraba 210 kwa ukali uleule, na kijito hakina mabonde mapana ya kuhifadhi maji njiani. Kwa hiyo lita zako 16 huenda ni nyingi mno, na zile mita za ujazo 2.3 ni chache mno. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba kuhamisha takwimu kwa uwiano wa eneo kunafaa pale ambapo eneo lisilopimwa ni kati ya nusu na mara moja na nusu ya eneo lililopimwa. Uwiano wako ni 0.015.

Sasa la kufanya. Kipime kijito chenyewe. Najua umeuliza namna ya kukadiria, lakini kwa maji ya kiangazi vipimo vinane au kumi vya kwako vina thamani kuliko fomula yoyote iliyotengenezwa kwingine. Tafuta mahali ambapo mwamba unajitokeza na kufunga sakafu ya kijito, kwa sababu penye changarawe nene sehemu ya maji hupita chini ya mawe na wewe utapima yaliyobaki juu tu. Maji yakiwa chini ya lita 5 kwa sekunde hivi, na kukiwa na mporomoko mdogo, ndoo na saa vinatosha na vina usahihi mzuri sana. Yakiwa zaidi ya hapo, weka bamba la chuma lenye mkato wa V wa nyuzi 90 na utumie Q = 1.38 × H^2.5, ambapo H ni kimo cha maji juu ya ncha ya V kwa mita na jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kimo cha sentimita 10 ni lita 4.4 kwa sekunde, cha sentimita 15 ni lita 12, na cha sentimita 20 ni lita 24.7. Angalia jinsi namba zinavyopanda kwa kasi: ukikosea sentimita moja tu kwenye kimo cha sentimita 10, unaongeza maji ambayo hayapo kwa asilimia 27. Kwa hiyo kimo kisomwe nyuma ya bamba kwa umbali usiopungua mara tatu au nne ya kimo chenyewe, mahali ambapo uso wa maji haujaanza kuinama kuelekea kwenye mkato.

Njia ya kuelea, yaani kutupa kijiti na kuhesabu sekunde, itumie pale tu unapokosa nyingine. Kasi ya juu ya maji ni kubwa kuliko kasi ya wastani. Wengi huizidisha kwa 0.85, lakini kwenye kijito chenye kina kifupi na mawe mengi kigawe hicho hushuka hadi karibu 0.65. Palipo na maporomoko na mawe yanayozuia kila njia nyingine, chumvi husaidia: unamwaga kiasi ulichopima cha chumvi iliyoyeyushwa, unasubiri chini ambako imeshachanganyika vizuri, na unafuatilia jinsi maji yanavyopitisha umeme hadi wimbi la chumvi liishe. Kijito chenye fujo nyingi, ambacho mita ya kasi haiwezi kukisoma, ndicho chumvi inachokipenda.

Pima siku kadhaa baada ya mvua ya mwisho, na pima saa ileile kila mara. Miti ya kingoni hunywa maji mchana, na kwenye kijito cha lita chache kushuka kwa alasiri huonekana wazi. Mwenye kupima Jumatatu asubuhi na Ijumaa alasiri anaweza kudhani kijito kimekauka haraka, kumbe amepima kiu ya miti.

Mwisho, kila siku utakayopima, andika pia usomaji wa kituo cha mtoni wa siku hiyo. Hapo kituo kitakuwa na faida ya kweli, kwa sababu hutakopa tena maji yake kwa kugawanya eneo, utakopa historia yake: ukishajua kijito kinafanya nini mto ukiwa mahali fulani, miaka 20 ya rekodi ya mto inaanza kusema habari za kijito.

#3 Mwanafunzi wa maji

Samahani wakubwa zangu kwa kuingilia. Darasani tulifundishwa kwamba mtiririko ni mvua ukitoa maji yanayopotea hewani. Takwimu za mvua zipo, na mvukizo unaweza kukadiriwa kutokana na joto na mimea. Kwa nini mwanzisha uzi asitumie urari huo badala ya kusubiri kiangazi kizima akipima kwa ndoo?

#4 Mpima maji

Swali lako ni zuri, ndugu yangu, na urari ni sahihi kabisa; taabu iko kwenye kutoa namba kubwa mbili ili kupata ndogo. Chukua bonde lenye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka na mvukizo wa milimita 800. Kinachotiririka ni 200. Kipimamvua kikiwa bondeni chini huku mvua nyingi ikinyesha mgongoni, kukosea mvua kwa asilimia 10 ni jambo la kawaida kabisa, na asilimia 10 hiyo ni milimita 100, yaani nusu ya mtiririko wote unaoutafuta. Na hapo bado hujakosea mvukizo.

Kwa mwaka mzima urari unakupa mpaka wa juu na wa chini, na huo ni msaada wa kweli: jibu lolote linalozidi mvua iliyonyesha lina kosa. Kwa mwezi mmoja wa kiangazi haukusaidii sana, kwa sababu mvua ya mwezi huo ni sifuri na kila kinachotiririka kinatoka kwenye akiba ya udongo na mwamba, akiba ambayo urari wenyewe unakutaka uijue kabla. Namna ya kuijua akiba ni kuangalia jinsi kijito kinavyopungua. Kwa kawaida mtiririko wa kiangazi hupungua kwa sehemu ileile kila kipindi: ukipungua hadi asilimia 60 katika siku 30 za kwanza, utapungua tena hadi asilimia 60 ya hiyo katika siku 30 zinazofuata. Kwa hiyo vipimo vya mwanzo wa kiangazi vinatabiri mwisho wake, na hiyo ndiyo sababu ya kumtaka mwanzisha uzi aanze sasa.

#5 Mhandisi wa vivuko

Wakuu, nashukuru kwa mjadala huu. Nitajikita kwenye mafuriko.

Ndugu mwanzisha uzi, umeona 24.9 na 10 kama majibu yanayopingana. Hebu tuyatazame kwa ndani. Fomula ya rashonali imechukua mvua ya milimita 80 kwa saa kwa dakika 28, yaani milimita 37, ikasema asilimia 35 inatiririka. Hiyo ni milimita 13, na juu ya bonde lako ni karibu mita za ujazo 41,800. Njia ya CN imechukua milimita 55 za saa nzima na kusema kwamba zinazotiririka ni milimita 11.8, yaani mita za ujazo 37,800. Tofauti ya ujazo ni ndogo. Kinachotofautiana ni muda: ya kwanza imeyapitisha maji yote kwenye kivuko kwa kasi inayolingana na dakika 28, na ya pili imeyatandaza kwenye mchoro wa pembetatu, maji yakipanda kisha kushuka, wenye kitako cha saa 2 na ushei. Kwa maneno mengine, hujui maji yako yanafika baada ya muda gani, na kutojua huko ndiko kulikozaa majibu mawili.

Muda huo umeupata kwa fomula ya Kirpich ya mwaka 1940. Fomula hiyo ilitokana na mabonde machache madogo ya mashamba huko Tennessee, yenye miteremko mikali na mikondo iliyochongeka vizuri. Dakika 28 kwa mita 2,800 ni kasi ya wastani ya mita 1.67 kwa sekunde, kuanzia tone la kwanza mgongoni. Je, maji yanayopita kwenye nyasi na vichaka vyako yana kasi hiyo? Mimi nina shaka. Muda ukiwa dakika 50, mvua kali ya kipindi hicho itashuka hadi, tuseme, milimita 60 kwa saa, na fomula ileile ya rashonali itakupa 18.7.

Habari njema ni kwamba muda unaweza kuonwa kwa macho. Weka kipimamvua katikati ya bonde na mtu mwenye saa kwenye kivuko. Andika wakati ambapo nusu ya mvua imeshanyesha na wakati ambapo maji yamefikia kilele. Tofauti hiyo huwa ni karibu 0.6 ya muda wa mkusanyiko. Mvua mbili au tatu zitakufundisha mengi, ila ukumbuke kwamba mafuriko makubwa hukimbia kuliko madogo, kwa hiyo muda uliopimwa kwenye mvua ya kawaida ni mpaka wa juu.

Kuna mambo mawili ya tahadhari. Fomula ya rashonali hudhani kwamba mvua ni sawa juu ya bonde lote kwa muda wote wa mkusanyiko, na miongozo mingi huifungia kwenye maeneo ya chini ya hekta 80 au karibu na hapo. Wewe una hekta 320. Usiitupe, lakini isiwe na sauti ya mwisho. Na CN nayo ni nyepesi kutikisika: kwa mvua ya siku nzima ya milimita 90, CN ya 75 inatoa milimita 34 za mtiririko, ya 65 inatoa 20, na ya 85 inatoa 52. Wataalamu wawili waliosimama kwenye kilima kimoja wanaweza kutofautiana kwa pointi 10 bila yeyote kuwa mzembe, na bonde hilohilo husogea pointi kadhaa kati ya udongo mkavu na udongo ulioloa kwa mvua za wiki iliyotangulia.

Kwa hiyo nataka ushahidi wa kijito chenyewe. Tembea kingoni ukatafute alama za mafuriko ya zamani: takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa matope kwenye magome, majani makavu yaliyobanwa upande wa juu wa mashina. Waulize wanaoishi hapo ni lini maji yalifika pale, na kama yamewahi kupita pale kabla au baada. Pima umbo la mkondo kwenye sehemu iliyonyooka, pima mteremko wa alama zenyewe kwa mita zisizopungua 50, kisha tumia fomula ya Manning, inayokokotoa kasi ya maji kutokana na umbo la mkondo, mteremko na ukinzani wa sakafu (n). Utapata mtiririko uliopita kweli, wala si uliodhaniwa.

Usisahau pia maana ya miaka 10. Mafuriko hayo yana nafasi ya asilimia 10 kutokea kila mwaka, na katika miaka 10 nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni asilimia 65. Kalvati iliyokadiriwa kwa kiwango hicho itazidiwa siku moja. Lazima ujue mapema maji yatapita wapi siku hiyo.

#6 Mwanzisha uzi

Wakuu, narudi baada ya wiki 6, na nawashukuru kwa dhati. Nimefanya mlivyonielekeza kadiri nilivyoweza.

Maji ya kiangazi: niliweka bamba la V juu ya mwamba mita 200 kutoka kwenye kivuko. Siku mvua zilipokoma kabisa nilipata lita 30 kwa sekunde, siku ya 15 nikapata 23, na siku ya 30 nikapata 18. Yaani asilimia 60 kwa siku 30, kama ule mfano ambao Mpima maji alimpa mwanafunzi. Nikiendelea hivyo, siku ya 90 nitakuwa na lita 6.5. Nimekokotoa pia akiba iliyokuwa ardhini siku ya kwanza: ni karibu mita za ujazo 152,000, ambazo zikitandazwa juu ya bonde ni milimita 48 tu. Nilikuwa nadhani vilima hivi vinashikilia maji mengi mno kuliko hayo, na namba hiyo imenifundisha kuliko jedwali lolote.

Muda: kabla mvua hazijaisha nilibahatika kupata tatu zenye ukali wa kutosha. Tofauti kati ya nusu ya mvua na kilele ilikuwa karibu dakika 30 kwa zote tatu, kwa hiyo muda wa mkusanyiko ni karibu dakika 50.

Alama: nilipata mstari wa takataka ulio wazi kwenye kingo zote mbili. Wazee wawili walioulizwa kila mmoja peke yake waliutaja mwaka uleule, na wote walisema ndiyo mafuriko makubwa kuliko yote katika miaka 15 iliyopita. Eneo la maji kwenye sehemu niliyopima ni mita za mraba 7.5, mzingo uliolowa ni mita 9, mteremko ni 0.02. Kwa ukinzani wa n = 0.045 nilioutoa kwenye jedwali, kasi ni mita 2.78 kwa sekunde na mtiririko ni mita za ujazo 20.9. Je, sasa nimefika?

#7 Mhandisi wa vivuko

Umefika karibu sana, mkuu. Nina neno juu ya ile n ya 0.045. Majedwali mengi yametokana na mito ya mteremko mdogo. Mwaka 1984 Jarrett alichapisha vipimo vya vijito vya milimani huko Colorado na akaonyesha kwamba ukinzani huongezeka kadiri mteremko unavyoongezeka, kwa sababu maji hupoteza nguvu kwa kuruka na kujigonga kwenye mawe. Fomula yake ni n = 0.32 × S^0.38 × R^-0.16, ambapo S ni mteremko na R ni eneo la maji likigawanywa kwa mzingo uliolowa, kwa mita. Kwa mteremko wako wa 0.02 na R ya 0.83, n inakuwa karibu 0.075, na mtiririko unashuka hadi 12.6. Kwa hiyo ushahidi wa alama unasema kati ya 13 na 21, kutegemea mawe ya sakafu yako ni makubwa kiasi gani. Changarawe tupu itakusogeza kwenye 21. Mawe ya kufika gotini yatakushusha kwenye 13.

Sasa rudi kwenye hesabu zako. Rashonali kwa dakika 50 inatoa 18.7, ndani ya masafa hayo. CN ya 75 kwa dakika 50 inatoa karibu 8, chini ya kile ambacho kijito kimeshakionyesha, kwa hiyo 75 ni ndogo mno kwa bonde hili likiwa limeloa. Ukiweka CN ya 80, na muda wa dakika 40 kwa sababu mafuriko makubwa hukimbia, utapata 12.5. Njia zilizokuwa zimeachana kwa mara mbili na nusu sasa zinasimama kwenye uwanja mmoja. Kuhusu yale 150 ya mto, kama ungetumia uwiano wa eneo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.7 ungepata 8, na kwa 0.5 ungepata 18.5; kipeo chenyewe kinaamua jibu, nami sioni sababu ya kukibishania wakati una alama kingoni.

Jihadhari na miaka 15. Mafuriko makubwa kuliko yote katika miaka 15 hayawi lazima ya miaka 15. Yanaweza kuwa ya miaka 8, na yanaweza kuwa ya miaka 50 yaliyowatembelea mapema. Ningeikadiria kalvati kwa mita za ujazo 20, kisha ningeishusha barabara kidogo upande mmoja ili maji yanayozidi yapite juu yake na kurudi kijitoni bila kuchimba tuta. Vichaka vyako vitaleta matawi, na kalvati iliyozibwa nusu na matawi haijali ulitumia fomula ipi. Tundu moja pana ni bora kuliko mabomba matatu membamba yenye jumla ya eneo lilelile.

#8 Mwanafunzi wa maji

Naomba kuuliza kuhusu kiangazi. Kama mwaka huu ulikuwa na mvua nyingi kuliko kawaida, hizo lita 6.5 si zitadanganya kwa miaka mingine?

#9 Mwanzisha uzi

Umeuliza nilichotaka kuandika leo, ndugu. Jana ilikuwa siku ya 88. Nilipima kwa ndoo asubuhi, mara tano, nikapata wastani wa lita 7.2 kwa sekunde. Utabiri wa siku hiyo ulikuwa 6.7. Siku hiyohiyo mto ulisoma mita za ujazo 1.2, ambazo ni zaidi ya 1.05 ya mwaka wa kawaida. Kwa hiyo mwaka huu ni mwema, na hata hivyo kijito hakikufika nusu ya zile lita 16 nilizozitangaza mwanzoni mwa uzi huu. Katika rekodi ya mto mwaka mkavu kuliko yote ulishuka hadi 0.6. Nikitumia uwiano huohuo, kijito kingekuwa na lita 3.6 mwaka huo.

#10 Mpima maji

Na ningeihesabu 3.6 kama mpaka wa juu wa mwaka mkavu, kwa sababu vijito vya juu hupungua haraka kuliko mto unaovipokea. Banio lisipangwe kuchukua zaidi ya lita 2 mwishoni mwa kiangazi hadi utakapopata angalau kiangazi kimoja kibaya cha kupima, maana kilichobaki ndicho kinachowafikia walio chini na viumbe wa kijitoni.

Bamba la V ling'oe kabla ya masika, vinginevyo litachukuliwa na maji. Mahali pake simika kingoni bomba la wima lenye matundu chini, ndani yake ufito wa mbao na kiganja cha unga wa koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo. Maji yakipanda huuelesha unga, na yakishuka huuacha umeganda kwenye ufito penye kimo cha juu kabisa, hata kama mafuriko yalipita usiku wa manane na hapakuwa na mtu. Funga kichwa cha bomba kwa msumari kwenye mti imara, upime kimo chake kutoka kwenye jiwe lisilohama, na baada ya kila mafuriko usome ufito, uufute, uurudishe, na uandike tarehe pamoja na mvua ya siku hiyo.